Bisibisi Tatu Ndani ya Kasha la Shemeji

Mama mkwe wangu haamini chuma cha hapa nchini. Watu wa hapa anawaamini, baadhi yao, siku moja moja, lakini chuma hapana. Ukimletea sufuria ataigonga kwa kucha, ataisikiliza, kisha atakuuliza imetoka wapi kwa sauti ya mtu anayeuliza mwizi amepitia dirisha gani. Nayasema haya mapema ili asije mtu akaniuliza kwa nini nilimdanganya mama mzima aliyenizalia mume.

Mambo yote yalianzia stoo. Nyuma ya nyumba yetu kuna chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, dirisha moja linaloingiza mwanga mzuri asubuhi, na mlango ambao huwezi kuufungua bila kuunyanyua kidogo. Kiwanda cha nguo nilichokuwa nikitengeneza mashine kilipofungwa, nilirudi nyumbani na mikono yangu tu, maana vifaa vyote vilikuwa mali ya kiwanda. Nikakitamani chumba hicho kuliko nilivyowahi kutamani nguo au safari. Nilikuwa nikimenya vitunguu huku nakipanga kichwani: meza chini ya dirisha, jiliwa ya kubania vyuma pembeni yake, misumari ukutani ya kutundikia kila kitu. Kukaa bila kazi kulikuwa kunanitafuna, na mtu anayetafunwa huwa mkali. Muulizeni mume wangu.

Bahati mbaya, Orijino naye alikuwa anakitaka. Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, muuzaji wa bidhaa za kutoka nje: viatu, saa, vikaango, feni. Kila anachokigusa kwake ni orijino, na ndiyo sababu mtaa ulimpa jina hilo, naye badala ya kukasirika akalipenda. Maboksi yake yalikuwa yameshamfukuza sebuleni kwake na sasa yalikuwa yanamkaribia kitandani. Nyumba ni ya mama mkwe, kwa hiyo yeye ndiye aliyeshika mpini na sisi wawili tumeshika makali. Kila nilipomwomba mume wangu aninenee neno kwa mama yake, alikumbuka kuna jirani mgonjwa hajamjulia hali. Mtaa wetu haukuwahi kuwa na wagonjwa wengi kama kipindi kile.

Mwishowe mama mkwe akakata shauri kwa njia yake. Ana cherehani kongwe ya kukanyaga kwa miguu, ambayo ilikuwa imegoma kuvuta kitambaa. Ukikanyaga, sindano inapanda na kushuka mahali pamoja hadi uzi unafanya donge. Mafundi walikuwa wamekuja na kushindwa, na mmoja wao mkono ulimteleza akaichubua ubavuni. Mama mkwe akasema nikiitengeneza kabla ya Jumamosi kwisha, stoo ni yangu. Nikishindwa, ni ya maboksi.

"Ila bisibisi ya hapa haiigusi cherehani yangu," alisema. "Ile iliyoichubua ilikuwa ya hapa."

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba bisibisi haichubui kitu, mkono ndio unaochubua. Akanijibu kwamba basi hata huo mkono ulikuwa wa hapa.

Siku hiyo hiyo Orijino akaniletea kasha lake. Sikatai, lilikuwa kasha zuri: jeusi, la zipu, ndani limetandikwa kitambaa chekundu, na bisibisi zimelala humo kwa ukubwa wao, zinang'aa, hazijawahi kuonja kazi. Alisema ananiazima ili nikishindwa nisije nikasema nilikosa vifaa. Kisha akazunguka stoo akipima ukuta kwa mikono, akihesabu maboksi hewani. Nilimpa chai, kwa sababu nimelelewa vizuri.

Alipoondoka nikaikagua cherehani, na hapo ndipo nilipogundua kilichowashinda mafundi. Marehemu baba mkwe alikuwa mpaka rangi. Kupaka rangi haikuwa kazi yake tu, ilikuwa kama homa. Alipaka geti, akapaka viti, akapaka bomba la maji, na rangi iliyobaki koponi hakuwahi kuiacha ikauke bure. Inaonekana kila alipopaka geti alikuwa anamalizia kwenye skrubu za cherehani ya mkewe, ili zisishike kutu. Tabaka juu ya tabaka, kijani kibichi. Bamba lile lililo chini ya sindano linashikwa na skrubu mbili, na ile mistari ya kuingizia bisibisi ilikuwa imezibwa kabisa. Mafundi wote walikuwa wanakandamiza rangi wakidhani wanakandamiza chuma.

Bisibisi za Orijino nazo zilikuwa na ncha nene. Skrubu ya cherehani mstari wake ni mrefu lakini mwembamba, na ncha isipokaa humo sawasawa itaruka tu, na ikiruka inachubua. Nikaazima kwa jirani tupa ya kunolea majembe, nipunguze ncha mojawapo. Tupa ikateleza juu yake ikipiga kelele, haikutoa hata unga. Kilikuwa chuma kigumu kweli, chema kwa kazi nyingine. Mimi nilihitaji chuma kinachokubali kufundishwa.

Nikaenda duka la vifaa. Bisibisi za nje zilikuwa ndani ya kabati la kioo na taa yao. Za hapa, zinazotengenezwa kwenye karakana ya upande wa pili wa mji, zilikuwa zimesimama ndani ya ndoo ya plastiki sakafuni, mipini yake ya mbao, bei yake ni ya kununua bila kumwomba mume ushauri. Kwa hasira nilizokuwa nazo kwa mama mkwe nikachomoa ya kwanza iliyonijia mkononi na kuondoka nayo kifua mbele. Nilipoijaribu nyumbani kwenye skrubu ya kiti, ncha ikajipinda kama ulimi wa mtoto anayekataa dawa. Mama mkwe alikuwa chumba cha pili, na nilishukuru kwamba ukuta ni mnene.

Kesho yake nikarudi na tupa ndani ya mkoba. Safari hii niliichagua bisibisi kama mtu anayechagua mkwe. Nilianza kwa kuviringisha kila moja juu ya kaunta nione kama imenyooka. Iliyonyooka nikashika mpini mkono huu na chuma mkono huu, nikanyonga, maana kuna ambazo mpini unazunguka peke yake na chuma kinabaki kukutazama. Zilizopita hapo nikazigusa ncha kwa tupa. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu mno, hakichongeki. Ikizama kama kwenye sabuni, ni laini mno, kitajipinda kama cha jana. Iking'ata taratibu na kutoa unga mdogo, hiyo inatufaa.

Muuza duka akaniuliza kama nimekuja kununua au kukagua. Nikamwuliza yeye alioa bila kukagua? Akasema ndiyo, na ndiyo maana anakaa dukani mpaka jioni. Tukacheka, kisha akavuta ndoo akaanza kuziviringisha mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akajua ni zipi anaziuza. Nilitoka na tatu: nyembamba, ya kati na pana. Zilizokataliwa na tupa alizitenga pembeni, akasema anazirudisha karakana.

Nyumbani nikazichonga. Ile nyembamba nikaifanya kali kama ukucha, ya kuchimbulia rangi. Pana nikaipunguza pole pole, nikiipima kwenye skrubu kuukuu ya cherehani iliyosahaulika mfukoni mwangu tangu kiwandani, hadi ikakaa bila kucheza. Ya kati nikaiacha ya akiba. Sasa likabaki sharti la mama mkwe. Niliwaza kumwambia ukweli. Niliwaza muda wote maji ya chai yalipokuwa jikoni, kisha maji yakachemka.

Nikachana shuka kuukuu vipande vyembamba, nikaiviringishia mipini yote mitatu hadi mbao haikuonekana tena. Vyuma nikavisugua kwa majivu na mafuta mpaka vikang'aa. Za Orijino nikazilaza chini ya godoro langu, na zangu nikazilaza kwenye kitambaa chekundu. Zilipendeza humo, utadhani zimezaliwa humo.

Jumamosi mama mkwe akaketi kwenye kiti cha mgongo uani, cherehani mbele yake. Orijino akasimama nyuma yake. Mume wangu naye alikuwepo, maana siku hiyo wagonjwa wote walikuwa wamepona. Nikafungua zipu. Orijino akauliza vile vitambaa ni vya nini, nikamwambia ni vya kuzuia jasho, nisije nikamchafulia vitu vyake. Akawaeleza mama na kaka yake kwamba hivyo ndivyo vifaa vya heshima vinavyotunzwa.

Nikaanza kuchimbua rangi. Ilitoka kwa magamba madogo ya kijani yakaangukia kwenye kitambaa. Mama mkwe akainama, akaokota gamba moja.

"Hii ni rangi ya geti," alisema polepole. "Kumbe alikuwa ananipakia."

Akalifunga lile gamba kwenye pindo la kanga yake, akaniashiria niendelee. Nilimwonea huruma, na nikaona aibu kidogo kwa yale ya godoroni.

Nikachukua bisibisi pana. Ikakaa kwenye mstari kama inavyotakiwa. Nilijua nikiteleza hapa tu, chumba kimekwenda, na nitamenya vitunguu mpaka nizeeke. Nikaegemeza uzito wa mwili, nikazungusha kidogo. Skrubu ikalia, ikagoma, ikazunguka.

"Mnaona?" Orijino alisema. "Hicho ndicho chuma cha nje."

Nikamuunga mkono. Nikasema kweli shemeji, kingekuwa cha hapa kingeshajipinda. Akafurahi mno, akaanza kumweleza kaka yake jinsi vyuma vya huko vinavyopikwa, habari ambazo nina hakika alikuwa anazitunga palepale. Skrubu ya pili nayo ikatoka, nikanyanyua bamba. Chini yake, yale meno yanayovuta kitambaa yalikuwa yamezikwa kwenye vumbi la nyuzi lililoshindiliwa miaka na miaka: bluu ya sare za shule, nyeupe ya mashuka, nyekundu ya pazia la zamani. Cherehani haikuwa mbovu, ilikuwa imeshiba. Nikaikwangua, nikaipaka mafuta, nikafunga bamba. Mama mkwe akaweka kitambaa, akakanyaga. Kitambaa kikatembea.

Ningefunga kasha wakati ule ningekuwa mwanamke mwenye akili. Lakini nilikuwa nasikilizia raha, na Orijino akaichukua ile bisibisi pana kutoka kwenye kitambaa chekundu. Alitaka mama yake asome kwa macho yake nchi ilikotoka. Akaanza kufungua kile kipande cha shuka, mzunguko baada ya mzunguko, akihubiri. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa kitambaa kile. Mbao ikatokea. Ukatokea na muhuri wa moto wa karakana ya upande wa pili wa mji.

Orijino akafungua ya pili, labda akitumaini, na ya pili ikawa vilevile. Mume wangu akaangalia getini kama mtu aliyekumbuka mgonjwa.

Mama mkwe akaipokea bisibisi. Akaigonga kwa kucha, akaisikiliza, akanitazama mimi. Nikaona bora niseme mwenyewe. Nikamwambia nimemdanganya, kwamba za shemeji ziko chini ya godoro langu na hazina hata doa, na kwamba nilikitaka kile chumba kiasi kwamba ningemdanganya hata mkuu wa polisi.

Akamgeukia Orijino.

"Umeisifu vizuri," alimwambia. "Maboksi yako katafute pa kuyaweka."

Nikaanza kushukuru. Akaninyamazisha kwa mkono, akaniambia nishike cherehani upande huu na mume wangu ashike upande ule. Tukaibeba mpaka stoo. Akaunyanyua mlango, akaufungua, akatuonyesha pa kuiweka: chini ya dirisha, palepale nilipokuwa nimeipanga meza yangu. Kisha akakifuata kiti chake uani, akakileta mwenyewe, akakiweka nyuma ya cherehani na kuketi.

"Chumba ni chako," alisema. "Ila nami nakaa humu. Mkwe anayejua kudanganya namna hii haachwi peke yake."

Nilikasirika. Ule mwanga wa asubuhi nilikuwa nimeuota kwa miezi. Nilitaka kusema, nikamtazama: alikuwa anapapasa uzi, anajaribu kuupitisha kwenye tundu la sindano, na macho yanamkatalia. Nikainama nikamtungia. Alivuta uzi taratibu, akaweka kitambaa, halafu kabla hajakanyaga akanyoosha mkono kuelekea lile kasha jeusi nililokuwa nimelibana kwapani tangu uani.

"Na hizo bisibisi zako zivue hayo matambaa," alisema. "Hazina cha kuonea aibu."

Nikaketi sakafuni, mgongo ukutani, nikaifungua ile moja iliyobaki.