Mawe Makubwa Hayavuki Reli

Mume wangu Verlyn ana imani mbili: Mungu yupo, na mawe makubwa ya mvua hayavuki reli. Ya kwanza aliipata kanisani. Ya pili aliipata kwenye vibao vya povu gumu anavyovifunga foili na kuvisimamisha juu ya nguzo, kimoja bustanini kwetu, kingine ng'ambo ya reli kwa dada yake Arlene. Mawe yakianguka yanaacha vishimo kwenye foili. Verlyn anavipima, anaandika tarehe, anakitundika kibao gereji. Baada ya miaka thelathini na moja vilikuwa mia moja arobaini na viwili, na gari letu linalala nje.

Foili yenyewe ilikuwa yangu. Kila nikitaka kufunika nyama ya kuoka nakuta boksi tupu, basi ile nene nikaanza kuificha ndani ya debe la unga.

Kilichoniuma mwaka huu kilikuwa nyanya. Maonyesho ya kaunti yanataka sahani ya nyanya tano zinazofanana kama watoto wa tumbo moja, na miaka minne mfululizo utepe wa bluu wa mshindi wa kwanza ulikwenda kwa Arlene. Sasa zangu zilikuwa tayari, na zilibaki siku mbili.

Alhamisi mbingu ya magharibi ikageuka kijani. Nikatoa ndoo zangu kumi na mbili nifunike minyanya.

"Za nini hizo, mama?" Verlyn akauliza. "Makubwa yatashukia kwa Arlene. Huku kwetu punje za njegere tu. Mpelekee ndoo zako, usije ukamshinda kwa sababu ya mvua, akakusema mpaka Krismasi."

Hapo alinipata. Nikazipeleka. Arlene akanikumbatia. "Wifi, una moyo wewe."

Saa kumi na moja jioni king'ora cha dhoruba kikalia. Kwetu king'ora huwaita wanawake chumba cha chini na wanaume barazani, kutazama. Verlyn alisimama na kahawa yake. Jiwe la kwanza likatua kwenye ngazi, kubwa kama yai. Alilitazama kana kwamba limemtukana.

"Hilo limepotea njia," akasema.

La pili likapiga boneti ya gari.

"Verlyn, nyanya zangu."

Alikimbilia gereji, nami nikajua anakwenda kuokoa vibao vyake. Majina niliyomwita moyoni siyaandiki hapa. Kisha akatoka na sufuria langu la kuchemshia matunda kichwani, vibao vimemfika kidevuni, akaanza kuvichomeka juu ya seng'enge za minyanya. Sufuria lilikuwa linalia kila hatua. Akarudi kuchukua vingine.

Nikajivika karai, nikamfuata.

"Hiki ni cha mwaka ule paa la kanisa lilipotoboka," nikamwambia. "Hiki usikitoe."

"Weka."

"Verlyn..."

"Mama, weka."

Ilidumu dakika kumi na moja. Ilipotulia, vibao vilikuwa na vishimo juu ya vishimo, na hakuna ambaye angejua kipi ni cha mwaka gani. Verlyn aliokota kimoja, akakigeuza, akakirudisha chini taratibu. Niliona aibu, maana miaka yote hiyo nilikuwa navicheka. Chini ya vibao kulikuwa na nyanya saba zisizo na hata mkwaruzo.

Kesho yake Arlene alirudisha ndoo. "Kwangu hata tone, wifi. Hazikulowa." Verlyn alikumbuka ghafla kwamba ana kazi kwenye paa.

Jumamosi utepe wa bluu ukawa wangu. Niliutundika gereji, kwenye msumari mmoja kati ya mia moja arobaini na miwili iliyobaki mitupu.

Jumapili baada ya ibada nikamkuta jikoni na kipande kipya cha povu, anafungua droo moja baada ya nyingine. Nikaingiza mkono kwenye debe la unga.

"Kumbe ilikuwa humo," akasema.

"Una miaka sabini na minne. Ukitaka thelathini na moja mingine utakuwa na mia na mitano."

"Basi funga vizuri, kidumu."

Nilikifunga mwenyewe, tabaka mbili, nikakiandika nambari moja.