Saa Kumi na Moja za Kurudi

Kwa nini kwenda ni saa tano, na kurudi ni saa kumi na moja? Mama aliniuliza hivyo mwaka kaka yangu alipoondoka, nami nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili. Alikuwa ameshika nakala ya tiketi. Ndege ingeondoka huku saa nne asubuhi na kutua kule saa tisa alasiri. Katika kurudi, ingeondoka kule saa nne asubuhi na kutua huku saa tatu usiku. Alihesabu kwa vidole. Mama ni fundi cherehani, hakati kitambaa kabla ya kukipima mara mbili. Niliamini kwamba safari ya mwanawe aliipima mara moja tu, akaitia tiketi kwenye droo ya cherehani.

Kwa miaka sita tiketi hiyo ilimtetea kaka. Jirani akiuliza mbona haji, Mama hujibu kwamba kwenda ni mteremko, kurudi ndiko kwenye kazi. Nilipoingia chuo kikuu ndipo nilipojifunza kwamba saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Ni kilomita elfu sita na mia tatu: saa nane kwenda, saa nane kurudi. Nikanyamaza, nikiuita ukimya wangu huruma.

Kisha Mama akaota uvimbe tumboni. Mara mbili aliahirisha upasuaji, akisema haingii chumba cha upasuaji mpaka kifungua mimba wake awe mlangoni. Mara ya pili daktari alituambia waziwazi kwamba uvimbe hausubiri ndege.

Jana nilimpigia kaka. Likizo anayo, ila ameshaipangia matembezi na wenzake.

“Mwambie njia ya kurudi ni ndefu,” alisema. “Si ndivyo anavyoamini?”

Nilimwuliza amejuaje. Akacheka.

“Msomi wetu, aliniuliza kwa simu nilipofika. Nikamwambia amepima sawasawa.”

Kumbe Mama alipima mara mbili. Kipimo cha pili kilikuwa neno la mwanawe.

Leo asubuhi nilimkuta chumbani akipinda upindo wa sare, mama mdogo akimshikia kitambaa. Mama mdogo alishauri tungoje kidogo, maana subira huvuta heri. Nilimjibu kwamba yetu imevuta uvimbe. Nikaitoa tiketi drooni, nikawaeleza zile saa tatu, na alichoniambia kaka.

Mama aliendelea kuzungusha gurudumu la cherehani, ingawa uzi ulikuwa umekatika.

“Kwa hiyo kurudi ni sawa na kwenda?”

“Ni sawa kabisa, Mama.”

“Na mlangoni atakaa nani?”

Mama mdogo aliinamisha uso.

“Kaka simpigii tena,” niliwaambia. “Jumatatu saa mbili asubuhi unafanyiwa upasuaji, Mama, na mlangoni nitakaa mimi.”