Kishikio cha Chumbani kwa Mama Apolline

Kishikio cha dirisha kilimbakia Mama Apolline mkononi asubuhi moja ya Jumatatu, mvua ikiwa ndiyo kwanza inaanza kupiga mabati ya mtaa wa Nguba. Alikitazama, akasonya. Kilikuwa kitu chepesi, cha kung'aa, na kilikuwa kimekatika kama biskuti. Zamani dirisha hilo lilikuwa na kishikio cha shaba, kizito, kilichowekwa na Wabelgiji walioijenga nyumba. Mwanawe Guylain ndiye aliyeking'oa akisema ni cha kizamani, akaweka hiki cha kisasa. Basi cha kisasa chenyewe ndicho hicho, kimeshindwa hata na mkono wa mwanamke mzee anayekohoa.

Dirisha lisilofungika, Bukavu, ni shimo tu ukutani. Upepo wa ziwani hauombi ruhusa, na mvua ikipiga kutoka upande wa Rwanda inaingia moja kwa moja. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha hilo hilo, kwa sababu chumba kilikuwa chembamba na upande wa pili ulishikwa na kabati la marehemu mumewe, ambalo hakuna aliyethubutu kulisogeza. Alilifunga dirisha kwa kamba ya kiatu, akakaa kitandani akikohoa.

Binti yake Charlène alimkuta hivyo.

"Maman, Papa Merveille anaweza kuitengeneza. Iko ku port, atarudia saa sita."

"Papa Merveille? Mukwe?" Mama Apolline alibenua midomo. "Uliona wapi mukwe anaingia mu chumba ya mama mukwe wake? Aone kitanda yangu? Aone bilamba yangu ya kuvaa kwa musumari? Labda kwabo Shabunda banafanyaka vile. Siye kabila ya Bashi, hapana."

"Hata Shabunda habafanyake vile, maman."

"Basi na yeye anajua."

Papa Merveille huyo jina lake lilikuwa Adalbert, mume wa Charlène, karani wa bandarini anayeandika mizigo ya boti za Goma. Alikuja kuishi kwa mama mkwe wake pamoja na mke na mtoto wao Merveille tangu nyumba waliyopanga Kadutu ilipoteremka pamoja na kilima. Mama Apolline aliwapokea, na hakuwaacha wasahau. Kwake yeye, Adalbert alikuwa mtu mrefu asiye na faida, mwenye mikono ya kushikia kalamu tu. Miaka yote hiyo walisalimiana kwa heshima ya ukwe, kila mmoja akiangalia sakafu. Hakuwahi kumtazama usoni vizuri, na hilo halikumzuia kumdharau.

Na fundi? Mafundi wamejaa mji mzima. Lakini Mama Apolline alikuwa mjane mwenye mtoto wa kiume, tena mtoto wa kiume mwenye kazi kubwa, na mjane wa namna hiyo akimwita fundi wa barabarani aingie chumbani kwake, ni sawa na kupanda juu ya paa na kuutangazia mtaa mzima kwamba hana mtoto. Wanawake wenzake wa shirika la kanisani, waliokusanyika kwake kila Jumatano kusali, wangefurahi mno. Yeye ndiye aliyewachosha masikio kwa habari za Guylain: Guylain alisema hivi, Guylain amepelekwa semina Kigali, Guylain anapenda mama yake kuliko watoto wote wa Bukavu. Sasa dirisha lingesema ukweli au lingesema uongo. Aliamua kumpigia Guylain.

"Maman, usiguse kitu," Guylain alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Mutu yeyote asiguse. Minakuya kufanya évaluation."

Akaja kweli, Jumapili, na gari jeupe la shirika lake lisilo la kiserikali, amevaa lile koti lisilo na mikono lenye mifuko mingi ambayo ndani yake hakuna kitu. Alipiga picha ya dirisha kutoka kushoto, akapiga kutoka kulia. Akamwomba mama yake asimame karibu na dirisha na kuweka uso wa mtu anayeteseka. Mama Apolline, Mungu amsamehe, akauweka.

"Hii ni picha ya avant, kabla ya kazi," Guylain alieleza. "Kisha tutapiga ya après, kazi ikiisha."

Halafu akakaa sebuleni, akala ugali wa mama yake na samaki wote wa sambaza waliokuwa kwenye sahani, huku akimweleza Adalbert kwamba tatizo la dirisha hili si kishikio, tatizo ni mfumo mzima, na kwamba watu wasiosoma wanakimbilia suluhisho kabla ya kuelewa mahitaji. Adalbert alitikisa kichwa kwa adabu. Guylain akanawa mikono, akaondoka. Kamba ya kiatu ikabaki pale pale, ikifanya kazi yake bila évaluation.

Siku zikapita. Guylain alipopigiwa simu, mara yuko safarini Kamanyola, mara yuko kwenye mkutano, mara mtandao unakatika ghafla mama anapofika kwenye neno dirisha. Mama Apolline alianza kulala amejikunja upande mmoja wa kitanda, mahali ambapo godoro lilikuwa bado kavu, amejifunga vitenge viwili kifuani. Kikohozi kiliteremka kikawa kizito. Charlène alimsihi ahamie kulala sebuleni. Alale sebuleni, mkwe wake akipita kwenda chooni amkute ametandazwa kama samaki wa kuuza? Afadhali alowe.

Kisha Charlène akamletea simu yake amwonyeshe. Kwenye kundi la ukoo, ambamo walikuwamo ndugu wa Kinshasa, wa Lwiro na wa Ulaya, Guylain alikuwa ametuma picha mbili. Ya kwanza ni ya Mama Apolline akiteseka. Ya pili ni ya kishikio kipya, kizuri, kimeshikwa na mkono wenye saa ya Guylain, na nyuma yake zinaonekana rafu za duka. Chini ameandika: "Dirisha ya maman, c'est fait, imeisha. Mama ni moja tu." Ukoo mzima ulimwaga mioyo na mikono ya kuomba.

Mama Apolline alitazama picha. Akatazama kamba ya kiatu. Mara simu yake mwenyewe ikalia. Alikuwa Aloys, mdogo wa marehemu mumewe, akipiga kutoka Lwiro, amefurahi.

"Apolline, uko na bahati! Batoto ba leo banasahau bazazi babo. Lakini Guylain!"

"Ndiyo," Mama Apolline akajibu, na maji yalikuwa yanadondoka kwenye mto wake. "Ametengeneza muzuri."

Mama Apolline akageuza uso ukutani. Alijiona mjinga, na hasira yake, kwa kuwa hakutaka kuielekeza panapostahili, akamwelekezea Adalbert: mwanaume mzima ndani ya nyumba, anaona maji yanaingia, ananyamaza!

Kumbe hakunyamaza. Jumamosi iliyofuata, mchana, mvua ikinyesha bila haraka, Mama Apolline alisikia kitu kinagonga ukuta wa nje. Akainuka. Kwenye kioo ilitokea ngazi ya miti ya mikaratusi, iliyopigiliwa vibaya, halafu kofia iliyolowa, halafu Adalbert, kishikio kipya kikichungulia mfukoni, macho ameyaelekeza chini kwenye bustani ya mboga za lenga-lenga.

"Maman, niko huku inje," alisema. "Siingie. Fungua tu ile kamba, dirisha ikuye huku kwangu."

Ilimchukua muda kuelewa. Madirisha yale ya kizamani yanafunguka kwa nje. Ukilisukuma mpaka liguse ukuta, ule uso wake wa ndani unatazama uani. Mtu aliye kwenye ngazi anaweza kufanya kazi yote bila kutia hata kidole chumbani. Mama Apolline alijitupia kitenge kichwani, akafungua kamba, akasukuma dirisha, akageuka akampa mgongo. Hivyo ndivyo ilivyofanyika kazi: mkwe juu ya ngazi kwenye mvua, mama mkwe ndani akiangalia kabati.

Na tusimtie Adalbert chumvi: fundi hakuwa. Bisibisi ilimponyoka, akashuka kuitafuta kwenye lenga-lenga. Akapanda. Ikamponyoka tena. Skrubu moja aliiingiza upande, akaitoa akiguna.

"Unasukuma sana," Mama Apolline alisema kwa kabati. "Geuza polepole. Hauonake vile bengine banafanya?"

"Ndiyo, maman."

"Na ile ngazi ulitoa wapi? Inalia sana."

"Kwa jirani, maman. Naye anasema inalia."

Mama Apolline nusura acheke, akakohoa badala yake. Hawakuwahi kuzungumza maneno mengi namna hiyo tangu harusi.

Alipomaliza, alilirudisha dirisha, naye Mama Apolline akajaribu kulifunga. Kishikio kilikataa. Adalbert alikuwa amekiweka kichwa chini. Kila dirisha la mji huu ukishusha kishikio linafunga. Hili lilitaka ukipandishe ndipo lifunge, na ukitaka kufungua ukishushe.

"Nitaitoa, niiweke tena," Adalbert alisema nje ya kioo, amejaa aibu.

"Acha. Inafunga." Akapandisha kishikio. Upepo ukakatika mara moja, chumba kikawa kimya, na Mama Apolline akakaa kitandani akashangaa jinsi chumba chake kilivyokuwa na joto.

Hakukaa sana. Gari jeupe lilikuwa linapiga honi langoni. Guylain aliingia na Aloys, ambaye alikuwa amepewa lifti kutoka Lwiro na njia nzima alikuwa ameomba kuliona hilo dirisha. Guylain, kama mtoto wa kiume anavyoruhusiwa, aliingia moja kwa moja chumbani kwa mama yake. Aloys akasimama mlangoni. Uso wa Guylain ulikuwa wa mtu aliyeandaa sababu. Lakini alipokiona kishikio mahali pake, sababu zote zikayeyuka na kifua kikajaa.

"Ndiyo hii, Papa Aloys," alisema, simu tayari mkononi. "Tupige na ya après."

Akashika kishikio afungue, apate mwanga mzuri. Akakivuta juu. Kilikuwa juu tayari. Akakivuta tena, akatabasamu, akasukuma kwa bega.

"Inakamata kidogo. Sababu iko mupya."

"Acha! Utaivunja," Mama Apolline akasema. Aliinuka, akaweka kidole kimoja juu ya kishikio, akakishusha. Dirisha likafunguka. Nje alikuwa Adalbert na ngazi begani, maji yakimtoka kofiani, bisibisi katikati ya meno. Alipomwona mama mkwe wake, akainamisha macho papo hapo.

Aloys alitazama nje, akatazama ndani. "Guylain, ni weye ndiyo uliiweka?"

"Mimi nilifanya coordination," alisema Guylain bila kupepesa. "Adalbert ni exécution."

Mama Apolline angeweza kumwokoa. Neno moja tu lingetosha, na alikwisha kulisema kwenye simu bila shida. Lilikuwa pale kwenye ulimi, limelainika kwa miaka yote aliyolitumia. Alimtazama mwanawe, koti lake kavu, saa yake, simu yake iliyokuwa bado imeinuliwa kungoja picha, na kwa mara ya kwanza dharau yake ikampata aliyeistahili. Ilimuuma kuliko kikohozi.

"Aloys, nilikudanganya ku telephone," alisema. "Mutoto huyu hakuleta kitu. Hata musumari. Alileta mimi mu picha. Ule mwenye kulowa kule inje, ndiyo alitengeneza."

"Maman, unanifanyia hivi mbele ya Papa Aloys?"

"Toka mu chumba yangu."

Guylain alicheka kidogo, akamtafuta Aloys amsaidie kucheka. Aloys alikuwa anaangalia sakafu.

"Mukwe anabakiaka inje sababu ya heshima," Mama Apolline aliendelea. "Weye utabakia inje sababu ya aibu. Ukiwa na neno ya kuniambia, pita kule, simama fasi shemeki yako alisimama."

Guylain akatoka. Mama Apolline alimsikia akipita sebuleni, akisema jambo kwa Charlène, halafu hatua zake zikazunguka nyumba. Akatokea chini ya dirisha, viatu vyake vyeupe vimezama kwenye matope ya lenga-lenga, na mvua, ambayo haikuwa na heshima kwa mifuko yake mingi, ilimpiga usoni.

"Maman, sikiya kwanza. Ile wiki nilikuwa na mission, na chef wangu wa kazi..."

Mama Apolline alikuwa analia, na hakujificha. Alivuta dirisha, akapandisha kishikio. Nje ya kioo mdomo wa mwanawe uliendelea kucheza, lakini chumbani halikuingia hata neno moja.