Mwanga Ulioasi Saa Tano na Nusu

Ijulikane kwa wakubwa na wadogo kwamba shangazi yangu ameajiriwa kuuonyesha mwanga njia. Ndani ya kijipande cha silikoni, kidogo kuliko ukucha, mwanga hupita kwenye vijifereji visivyoonekana. Kando yavyo kuna pete ndogo, na juu ya pete waya mwembamba. Ukiupasha waya kiasi, mwanga huhamia njia ya pili. Ukizidisha, hupitiliza kama mwanafunzi aliyesikia kengele ya chakula.

Siku hiyo mkuu wa maabara alikuwa ametamka: saa sita, mwanga utulie njia ya pili kwa dakika kumi, la sivyo kazi ya miaka mitatu inahamia chumba cha juu, kwa mafundi wa huko wenye maringo.

Saa tano na nusu mwanga ukapitiliza. Shangazi akapunguza umeme wa waya. Ukapitiliza tena. Akapunguza hadi sifuri, mwanga haukujali.

"Umegusa kitu?" akamwuliza Kijiko, fundi mwenzake, aliyeitwa hivyo kwa makelele ya kukoroga chai.

"Mimi? Wala!"

"Nitazame."

"Dada, macho yangu yana kazi."

Shangazi akashika bamba la chuma lililobeba kile kijipande. Lilikuwa na joto kama paji la mgonjwa.

Katika maabara hiyo kula ni marufuku, kwa hiyo kila mtu ana maficho yake. Saa sita ilikuwa imewadia, na nje viatu vya mkuu vilikuwa vikikaribia. Kijiko angeweza kuusingizia waya. Badala yake alipiga magoti, akachomoa chini ya bamba taulo lenye mayai manne ya kuchemsha.

"Nilitaka yasipoe," akanong'ona.

"Kijiko! Umeniatamia mradi!"

Mkuu akaingia. "Kuna nini?"

"Ni mimi, Mama. Mayai yangu yamelipasha bamba. Dada hana kosa. Tupe muda lipoe."

Mkuu aliyatazama mayai kwa majonzi, kama anayeaga marehemu. "Robo saa. Na hayo yatoke humu."

Wakalipepea bamba kwa madaftari, jasho likiwatoka. Lilivyopoa, shangazi akarudisha umeme kidogo kidogo. Mwanga ukarudi njia ya pili. Dakika tano. Nane. Kumi.

"Kazi inabaki kwenu," akasema mkuu.

Shangazi akapiga kigelegele, nusu yake akaimeza kwa heshima.