Mngoni Akisema Jaza

Fredi Komba, fundi baiskeli, alikuwa na jina zuri pale Chikongola, Mtwara, mpaka siku Mwalimu Mathayo aliporudi mjini juu ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, katikati ya mbuzi watatu, amekumbatia baiskeli ambayo gurudumu lake la nyuma lilikuwa limejikunja kama chapati.

Hiyo ilikuwa mwaka jana, kwenye mbio za baiskeli za kutoka mjini mpaka ufukwe wa Msimbati, kule Mnazi Bay. Mwalimu hakufika hata nusu ya safari. Walioona wanasema mbuzi mmoja alikuwa ameshaanza kuonja usukani. Sasa watu wa mjini, kwa vile hawana kazi, hawakuuliza mwalimu aliingia shimo gani wala alikuwa anatazama wapi. Waliuliza swali moja tu: "Gurudumu kalisuka nani?" Wakaambiwa Fredi. Basi. Tangu siku ile hakuna aliyemwita Fundi Fredi tena. Akawa Fundi Mbuzi. Wateja wakavuka barabara kwenda kwa Jafari, fundi ambaye umahiri wake mkubwa ulikuwa kusugua spoki za watu kwa mswaki mpaka zing'ae, halafu kuzirudisha zimelegea vilevile.

Kilichomuuma Fredi ni kwamba alimwonya. Alimwambia mwalimu, "Barabara ile lami inakwisha, tairi hizi nyembamba zitakuua." Mwalimu akacheka mpaka akashika ukuta.

Mathayo ni Mhehe wa Iringa, kaletwa Mtwara na ajira ya ualimu. Fredi ni Mngoni wa Songea. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, na mpaka leo kila upande unaapa kwamba ni wenzao ndio waliokimbia. Wajukuu wakarithi utani. Na utani una sheria zake: mtani akikutukana hupaswi kukasirika, na mtani akikupa ushauri, kwa usalama wako, hupaswi kumwamini.

Wiki tatu kabla ya mbio za mwaka huu, mwalimu akatua tena kibandani, baiskeli begani.

"Mngoni! Bado upo? Nilidhani umeshatimua mbio, si ndiyo jadi ya kwenu?"

"Aliyetimua ni mbwa wangu, mwalimu. Kakuona kwa mbali, kaenda kutoa taarifa polisi kwamba Mhehe kaingia Chikongola na njaa."

Wakacheka, wakapeana mikono, wakaingia kwenye shughuli. Mwalimu alikuwa anataka ringi mpya, zote mbili, na muuzaji mmoja wa Dar alikuwa amemtumia picha za aina mbili. Za kwanza nyembamba, upana wa ndani milimita kumi na tatu. Za pili pana, kumi na tisa.

Fredi akachukua rula, akapima nafasi kati ya miguu miwili ya foki, akapima na ya nyuma. Alisahau kabisa utani. Baiskeli ya mashindano haiji Chikongola kila siku, na hii ilikuwa nyepesi kiasi kwamba aliinyanyua kwa vidole viwili kama kikombe cha kahawa.

"Chukua pana. Tairi weka ya milimita ishirini na nane. Nafasi ipo, inabaki milimita mbili mbili kila upande."

"Ishirini na nane! Mimi nimebeba magunia ya korosho? Mabingwa wote ninaowatazama kwenye simu wana tairi kama uzi."

"Mabingwa hao wanapita kwenye lami laini kama sahani. Wewe unakwenda Msimbati."

"Haya, basi tairi pana, ringi nyembamba. Tugawane."

"Ndiyo mbaya zaidi! Tairi pana kwenye ringi nyembamba ni kama mama mnene kwenye kiti cha plastiki. Ubavu huu unamwagika, na ule unamwagika, akipinda kidogo tu, chini. Tairi inataka kukaa, mwalimu. Ipe makalio nafasi. Ikikaa vizuri, unaipa upepo mdogo, inameza mawe badala ya kupigana nayo."

Mwalimu alimtazama kwa huruma, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeiweka Mtwara mpakani mwa Uganda.

"Upepo mdogo," akarudia. "Kwa hiyo ili niende kasi, niende na pancha. Mngoni wewe! Mwaka jana ulinipandisha na mbuzi, mwaka huu unataka wanipande wao." Akaondoka, bega likitikisika kwa kicheko.

Fredi akakaa chini. Aliona wazi mambo yatakavyokuwa. Ringi nyembamba, tairi za uzi, barabara ya vumbi, mbuzi. Safari hii hata kibanda atauza.

Jioni ile akapita Sabina, mke wa mwalimu, fundi cherehani wa Rahaleo. Alikuwa amekuja kutafuta kipande cha tyubu kuukuu cha kufungia mguu wa cherehani. Alimkuta Fredi ameshika tama.

"Shemeji, umefiwa?"

"Bado. Nasubiri wiki tatu." Akamweleza yote.

Sabina akamsikiliza huku akivutavuta tyubu kupima kama inanyumbulika. "Kwani ulimwambia ukweli?"

"Ukweli mtupu!"

"Ndipo ulipoharibu. Shemeji, mimi huu mwaka wa tano naishi na yule mwanaume. Nikitaka ale mlenda, namwambia, 'Fredi kasema mlenda unalegeza magoti.' Anakula bakuli mbili na kulamba mwiko."

"Mimi? Jina langu ndilo unalolishia mlenda?"

"Na nikitaka apake rangi ukuta, nasema Fredi kasema Mhehe hajui kushika brashi. Sebule yangu yote umeipaka wewe." Akaweka tyubu kwenye mkoba. "Amalize mbio zake, jamani. Tangu wale mbuzi kila siku ananisimulia ile kona aliyoangukia. Nimeshaijua kuliko njia ya sokoni."

Fredi hakungoja kesho. Akapiga simu.

"Mwalimu, nimekaa nimefikiri. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Chukua ringi nyembamba, na tairi ishirini na tatu. Nyembamba inakata upepo kama wembe."

Fredi alisikia kuku wa jirani wa mwalimu.

"Rudia," akasema mwalimu polepole.

"Nyembamba. Kama wembe."

"Hahaa! Kumbe! Asubuhi ulinitajia pana ili nikimbilie nyembamba, umeona sijaagiza, sasa unanisukuma waziwazi! Naagiza pana, Mngoni, nakuambia sasa hivi! Tena ishirini na nane ya nini? Naagiza thelathini na mbili!"

Fredi akasimama ghafla, akajigonga kichwa kwenye fremu iliyoning'inia. Tairi ya thelathini na mbili ingesugua foki ile mpaka itoe moshi. Akavuta pumzi.

"Thelathini na mbili ndiyo yenyewe!" akasema, sauti tamu kama ya muuza shamba. "Itaingia bila shida kabisa, mwalimu. Mimi fundi nakuhakikishia."

Kuku tena.

"Naagiza ishirini na nane," akasema mwalimu, na kukata simu.

Mzigo ulipofika kwa basi, Fredi alisuka magurudumu yale siku tatu. Alikaza spoki moja moja, akiipiga kwa ukucha na kusikiliza inavyolia, akazungusha ringi mbele ya ncha ya kalamu mpaka ncha ikawa haigusi popote wala haiachi pengo. Hakuna gurudumu lililowahi kusukwa namna ile Chikongola. Na muda wote mwalimu alisimama mlangoni akiwasimulia wapita njia jinsi alivyomgundua Mngoni. Fredi akameza. Mganga hajigangi, na fundi mwenye mtani hajitetei.

Siku ya mbio ikafika. Watu wamejaa, baiskeli hamsini na mbili, za kila ukoo. Hata Rashidi, muuza samaki wa Msimbati, alikuwepo na lile dude lake jeusi la mizigo, tenga limefungwa nyuma, kwa sababu, alisema, yeye anarudi nyumbani tu, zawadi wakimpa sawa. Jafari naye alikuwa amepanda kirikuu ya kuokota walioshindwa, pamoja na watazamaji. Alichagua nafasi nzuri ya kutazamia aibu.

Fredi akamsogelea mwalimu kumtakia heri. Na hapo, bila kufikiri, kidole gumba chake kikaenda chenyewe kwenye tairi, kikabonyeza. Mdomo nao ukafuata kidole.

"Ngumu hizi. Shusha mpaka sitini na tano."

Alipomaliza kusema ndipo aliposikia alichosema.

Macho ya mwalimu yakawaka. Akainyakua pampu ya fundi, akapampu kama mtu anayezima moto, mpaka mshale wa geji ukasimama kwenye mia na kumi. "Umechelewa, Mngoni!" Filimbi ikalia, akaenda.

Kwenye lami mwalimu alipaa. Fredi, nyuma ya bodaboda, pampu mapajani, akaanza hata kutumaini. Lami ikaisha. Kwenye vumbi lenye makunyanzi, zile tairi ngumu zikamrusha mwalimu kama bisi kwenye sufuria. Kofia ikaenda upande wake, chupa ya maji upande wake. Magurudumu, Mungu awabariki waliozaliwa Songea, hayakutetereka. Lakini karibu na Msimbati ukaja mchanga, ule mweupe, wa kina, unaonyonya miguu. Tairi ikazama kama jembe. Mwalimu akashuka. Akapanda. Akazama. Akashuka.

Rashidi akampita taratibu, tenga likilia kwi kwi. "Mwalimu, unalima? Mvua bado!"

Kirikuu ikafika, ikasimama mbele yake. Dereva, kwa adabu kabisa, akashusha bodi ya nyuma. Anayepandishwa ndiyo basi, jina linafutwa. "Mbuzi! Mbuzi!" wakaimba watazamaji, na Jafari akiwa mwimbishaji.

Fredi akaruka kutoka kwenye bodaboda. Dawa aliijua: toa upepo, nusu nzima, tairi ilale, ipanuke, ipite juu ya mchanga. Mtoto wa darasa la tatu wa Msimbati anaijua. Lakini akimwambia mwalimu atoe, mwalimu atajaza mpaka tyubu ipasuke. Na akimwambia ajaze, Chikongola nzima, pamoja na Jafari na simu zao zote, itamsikia fundi mzima akimshauri mtu ajaze tairi mchangani.

Akamtazama Jafari. Akatazama ringi alizozisuka mwenyewe, zimesimama wima kwenye mchanga ule, hazina hata kosa moja.

"Jaza, mwalimu!" akapaza sauti mpaka mishipa ikamtoka. "Pampu hii hapa! Jaza mpaka ipige kelele! Tairi ngumu kama jiwe ndiyo inayopita mchangani!"

Kwenye kirikuu simu zikainuliwa. Halafu Jafari, kwa sauti ya mtu aliyeokota dhahabu: "Jamani, mmerekodi?"

Mwalimu alisimama anahema, jasho na vumbi vimemfanyia uso wa udongo. Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo, likasafiri mpaka upande wa pili. Akainama, akabonyeza vali ya mbele. Pssss. Akabonyeza ya nyuma. Pssssss. Tairi zikalala kwenye ringi zake pana, zikatulia, kama paka aliyepata mkeka. Akapanda. Baiskeli ikayumba mara moja, ikashika njia, na Mhehe wa watu akaondoka juu ya mchanga kama kaa anayejua shimo lake lilipo.

Alikuwa wa arobaini na moja. Rashidi alikuwa ameshafika, ameshaoga, anakula. Lakini mwalimu alimaliza, kwa magurudumu mawili, bila mnyama yeyote wa kufugwa. Akaomba kipaza sauti kwa waandaaji, akapewa kwa bahati mbaya.

"Ndugu zangu! Siri yangu ni moja! Kila alichoniambia Fredi Komba, nimefanya kinyume!"

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Simu ya Fredi ikalia. Sabina. "Amemaliza?"

"Amemaliza, shemeji," akasema Fredi. "Tumemaliza wote, yeye mbio, mimi kazi."

Jumatatu alifungua kibanda ili akusanye vifaa vyake. Akakuta foleni. Hakuamini, akadhani wamekosea upande wa barabara. Wa mbele alikuwa Faraji, karani wa bandarini, na baiskeli ya mtumba.

"Fundi," akasema Faraji kwa heshima, "nitajie ringi ya kununua, ili nisiinunue."

Fredi akafikiri kidogo. Akakohoa. "Nyembamba kabisa, ndugu yangu. Tairi ishirini na tatu. Upepo mia na kumi."

"Ahsante sana," akasema Faraji, akaandika pana, ishirini na nane, sitini na tano. "Na kusuka unasuka wewe?"

Mpaka saa saba mchana Fredi alikuwa amewadanganya watu tisa kwa uaminifu mkubwa, na wote tisa wameacha baiskeli. Ng'ambo ya barabara Jafari alikuwa anapiga mswaki spoki zake mwenyewe.

Wa mwisho alikuwa Rashidi, na lile dude lake jeusi, linanuka samaki.

"Fundi, spoki zangu za nyuma zinakatika. Nabeba kilo hamsini kila siku. Niweke ringi gani, tairi gani?"

Fredi akataka kutaja nyembamba, akajizuia. Akamtazama Rashidi kuanzia kandambili mpaka kofia.

"Kwanza niambie. Wewe kabila gani? Na nikikuambia, utafanya hivyo au kinyume?"

"Mimi Mmakonde, fundi. Utani wenu mimi haunihusu." Rashidi akaegemeza baiskeli. "Yale uliyokuwa unapiga kelele sikuyasikia, nilikuwa mbele. Ila mwalimu alipofika, alipokuwa anapayuka na kile kipaza sauti, mimi niliinua baiskeli yake, nikazungusha gurudumu. Mia na kumi kwenye makunyanzi yale, na halikuyumba hata kwa unywele. Nataka kama lile."

Fredi akamvutia kigoda. Akafuta mikono kwenye kitambaa, polepole, kisha akachungulia nje, kushoto, kulia, kuhakikisha hakuna Mhehe karibu.

"Pana," akanong'ona. "Weka pana."