Milango Iliyoomba Ruhusa

Usiku wa jana Tulinagwe aliota milango minne ya gari imeketi jikoni kwake, ikiota moto. Gari lilikuwa la marehemu baba mkwe wake, na sasa analiendesha mumewe, Ambokile. Mvua ya Tukuyu ilikuwa ikinyesha, milango imelowa. Akaikaribisha, akaongeza kuni.

Mlango wa dereva ukakohoa. Kikohozi kilikuwa cha baba mkwe.

Tulinagwe akageukia ukuta upesi. Kwa desturi ya kwao, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala hasemi naye, na miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuvunja mwiko huo. Hakuona kwa nini kifo kibadilishe jambo.

"Mwambieni mke wa mwanangu, mama Ipyana," mlango ule ukaiambia milango mingine, "kwa kawaida mlango haubebi gari. Gari linabebwa na sakafu, nguzo na paa. Sisi ni wa kuzuia mvua, na kumkinga mtu akigongwa ubavuni. Basi."

"Anasema hatubebi," mlango wa nyuma ukafikisha.

"Nimesikia. Mwulizeni, shida ni nini?" Tulinagwe akauambia ukuta.

"Chuma cha chini, pale mnapokanyaga mkiingia, kimeoza chote. Kilichobaki ni rangi. Tangu masika sisi ndio tumelishika lisikatike kati. Tumechoka. Tunaomba ruhusa."

Tulinagwe akafikiri. "Hamuwezi kunywa chai kwanza?"

"Hapana."

Sasa jiko ni gari, na linateremka mlima. Ambokile yuko kwenye usukani. Mama yake yuko nyuma, amekumbatia mkoba. Mlango wa kwanza unashuka, unaaga vizuri. Wa pili unashuka. Sakafu inazama katikati. Magoti ya Ambokile yanafika kidevuni.

"Linainama kidogo tu," anasema.

Mlango wa mwisho unashuka. Gari linajikunja kama mkeka, na wao wamo ndani.

"Tumefika?" anauliza mama mkwe kutoka kwenye mkunjo.

Tulinagwe aliamka. Kumekucha, na upande wa pili wa kitanda umepoa. Ambokile alikwishaondoka kumpeleka mama yake kliniki, Mbeya. Akampigia simu.

"Tumesimama kidogo," Ambokile alisema. "Mama alitaka hewa, nikafungua milango yote. Sasa haufungi hata mmoja. Imeshuka, kitasa hakikutani na tundu lake. Nitaifunga kwa kamba, tuendelee."

"Msiendelee. Mshushe mama."

"Kwa nini? Nani amekuambia?"

Aliona haya kulitamka neno lenyewe.

"Baba," alisema. "Baba yako amesema nami."

Ambokile alijua kwamba mkewe hawezi kutamka hilo kwa mzaha. Kisha Tulinagwe akasikia sauti ya mumewe, mbali na simu, taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa:

"Mama, shuka. Usiliegemee. Wewe shuka tu."