Wali Ulioota Ndevu

Mama mkwe hawezi kuona uchafu akanyamaza. Kuvu niliyoilea kwenye wali, ili iwanase minyoo wanaotia vifundo mizizi ya nyanya zangu, aliimwaga jalalani.

"Wali umeota ndevu, mwanangu!"

Nilinuna mpaka nikapitiwa na usingizi. Nikaota niko chini ya udongo: nyuzi nyeupe zinasokota vitanzi polepole, na kila mnyoo anayejipenyeza anabaki humo, kama kidole ndani ya pete.

Nyanya za shambani zilinyauka. Jalalani ukajiotea mche mmoja wa nyanya, ukazaa. Niliung'oa bila huruma nikague mizizi: laini, haina kifundo hata kimoja.

Mama mkwe aliitazama, akachukua sufuria.

"Haya, leo nipike wali wa nani? Wetu au wa kuvu?"